Makofi Yaliyokwenda kwa Dobi

Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, saa kumi na mbili na robo jioni, dobi alikuwa ameshapiga pasi shuka kumi na nne na foronya tisa za nyumba ya wageni, akabakiza shuka sita. Dirisha lilikuwa wazi, na kwa kuwa jua la miezi hiyo huchelewa kuzama, hakuwa amewasha taa. Alisimamisha pasi wima, ikakaa kwa kisigino chake, akanyunyiza maji kutoka kwenye chupa yenye kifuniko alichokitoboa mwenyewe kwa sindano, na kabla hajaishika pasi tena chumba kikajaa makofi.

Yalikuwa makofi ya watu wengi, kama mia nne hivi. Yalianzia upande wa kabati, yakazunguka karibu na dari, yakashuka juu ya meza ya kupigia pasi. Chai iliyobaki kikombeni ilitetemeka. Yalidumu kwa muda wa kukunja foronya mbili, kisha yakapungua, wakabaki wawili watatu wenye bidii, mwisho nao wakaacha.

"Asante," dobi alisema, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaendelea na shuka.

Yalikuja mara sita. Baada ya mara ya nne, jirani wa chini, ambaye wote humwita Mama Pacha kwa ajili ya wanawe mapacha, aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Baada ya mara ya tano akapanda ngazi mwenyewe.

"Mama Pasi, una wageni?"

"Sina."

"Hao wanaopiga makofi ni nani?"

"Siwajui. Wao hawajaingia. Yameingia makofi tu."

Mama Pacha aliinama akachungulia chini ya kitanda, maana ni mtu wa kuhakikisha. Hakuona kitu ila sanduku na kandambili. "Basi wakirudi waambie watoto wamelala," alisema. "Wapige pole pole."

Jioni hiyo hiyo, mitaa mitatu kutoka hapo, halmashauri ilikuwa inafungua maonyesho ya bure katika bustani ya mji. Ilikuwa imeyaanzisha miaka kumi na mmoja kabla, ili watu wasishinde vibarazani wakisengenyana, na kwa kuwa hayana kiingilio, watu walikuja kusengenyana bustanini. Kila kiangazi huwa na Jumamosi nne. Kuna viti mia mbili vya plastiki, waliochelewa hukaa kwenye majani, na mstari wa mbele hufunikwa vitambaa vyeupe kwa ajili ya waheshimiwa. Jukwaa ni la mbao, limeinuliwa kiasi cha kifua cha mtu, na ubavuni lina mlango mdogo wa kuingilia chini, mahali pa kuwekea mipira ya maji na mafagio.

Maonyesho yale yana utaratibu wake. Kabla watu hawajaondoka, mtangazaji husoma majina ya wote waliofanya kazi jioni hiyo, na kila anayetajwa husimama pale alipo, akapigiwa makofi, akakaa. Utaratibu huo ulianza mwaka wa kwanza, baada ya fundi umeme kununa kwa kutotajwa na kuzima taa katikati ya igizo. Tangu hapo hakuna anayeachwa. Husomwa waimbaji, wapiga ngoma, waliopanga viti, na hata mzee anayefungua bomba la maua. Mzee yule husimama taratibu kuliko wote, na hukaa taratibu zaidi.

Jumamosi hiyo kwaya ya Mwalimu iliimba nyimbo mpya sita. Ilipomaliza wa kwanza, watu mia nne walinyanyua mikono wakapiga makofi, na hakikusikika kitu. Viganja vilikutana na kuachana kama vya watu wanaojikung'uta unga. Mtu alikohoa, kikohozi kikasikika. Kiti kilivunjika nyuma, kikasikika nacho, na aliyeanguka akasema neno ambalo lilisikika vizuri sana. Ila makofi hayakuwapo. Ikawa hivyo mpaka wimbo wa sita. Kisha akaja mtu wa kurusha machungwa, akayarusha, akaangusha moja, na akapigiwa makofi yaliyofika mpaka barabarani. Aliinama mara tatu. Hakuwa amezoea.

Mwalimu ni ndugu wa dobi, mdogo wake wa mwisho. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa na miaka minne na dobi kumi na saba, na dobi ndiye aliyemlea, akamvisha, akampeleka shule mpaka akawa mtu wa kuvaa tai. Watu wengi humjua Mwalimu. Dobi hujulikana na wenye nguo.

Nyimbo zile sita zilikuwa za dobi. Halikuwa jambo la siri, ila halikuwa jambo la kuzungumzwa pia. Dobi huimba akipiga pasi, na huimba yake mwenyewe, kwa sababu nyimbo za watu wengine haziendi na mkono wake. Meza yake aliitengeneza marehemu mumewe, aliyekuwa seremala, na mguu mmoja ulitoka mfupi, kwa hiyo kila akisukuma pasi meza hugonga sakafu. Ngoma ya nyimbo zake ni huo mguu. Na kila baada ya mstari wa tatu hunyamaza kidogo, kwa sababu hapo ndipo husimamisha pasi na kunyunyiza maji. Alhamisi Mwalimu alikuwa akija kufuata mashati ya kwaya, akakaa kitandani na daftari, akasema, "Rudia hapo, dada," naye akarudia. Aliandika kila kitu. Aliandika mpaka kile kimya, asijue ni cha nini. Gazeti la mji lilikisifu, likasema ni kimya chenye hekima, na mwandishi alipomuuliza Mwalimu kinatoka wapi, alijibu kwamba sanaa ina siri zake.

Tangazo la msimu lilibandikwa kwenye mlango wa duka la dawa, anakofanya kazi binti wa dobi. Liliandikwa: Nyimbo mpya sita, utunzi wa Mwalimu. Dobi alisoma mpaka darasa la saba, na kusoma anajua. Alilisoma mara mbili, akanunua dawa ya kikohozi iliyompeleka pale, akarudi nyumbani. Katika sala ya jioni alimweleza Mungu jambo hilo kwa kifupi, kwa sababu maji yalikuwa yanachemka. Alisema hataki tangazo wala gazeti. Alitaka jina lake lisomwe mara moja bustanini pamoja na mengine, asimame, akae. Kisha akaenda kuepua maji.

Jumamosi ya pili makofi yalipotea tena bustanini. Fundi wa sauti, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikagua vipaza sauti, akakagua spika, akapiga makofi yake mwenyewe karibu na sikio lake mwenyewe. Hakusikia kitu. Baada ya wimbo wa pili alitoka nje ya lango akasimama. Wimbo wa tatu ulipokwisha aliyasikia kwa mbali, kama mvua kwenye bati, upande wa nyumba ya mikate. Akapanda baiskeli. Ya nne yalimpita juu ya kichwa kwenye kona. Ya tano aliyakuta chumbani kwa dobi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, vua viatu, kuna shuka chini."

Alivua viatu, akasimama akitazama dari mpaka makofi yalipokwisha. "Haya ni ya tano," alisema. "Bado ya sita."

"Ya sita huwa marefu. Hunimwagia chai."

Walisubiri. Dobi akasogeza kikombe katikati ya meza. Ya sita yalikuja, yakawa marefu, chai ikamwagika kidogo. Dobi akasema asante yake. Fundi akafuta miwani kwa shati.

"Hizi nyimbo ni za nani, mama?"

"Naziimba mimi."

Aliitikia kwa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa mahali waya ulipoingia. "Basi hakuna kilichoharibika," alisema. "Yanafika yanakotakiwa kufika. Kwa kazi yangu mimi, sina cha kutengeneza hapa."

Alivaa viatu, akarudi bustanini kukusanya waya zake, na akatoa taarifa hiyo hiyo kwa msimamizi wa bustani. Msimamizi hakuipenda. Jumamosi ya nne, ya mwisho, wangekuja wageni watatu kutoka mji mkuu kuchagua kwaya moja ya kuzunguka miji tisa, na hawawezi kuchagua kwaya isiyopigiwa makofi. Jumanne alikwenda kwa dobi mwenyewe, na fomu. Alimkuta na binti yake, aliyekuwa amepitia na dawa ya mgongo.

"Aina ya hitilafu," msimamizi alisoma, akaandika: Makofi kupotea. "Tangu lini?"

"Hayajapotea," binti alisema. "Yako hapa."

"Nitaandika yamepatikana. Chanzo cha hitilafu?" Alimtazama dobi. "Mama, ulifanya nini kuyaita?"

"Nilikuwa napiga pasi."

"Andika nyimbo ni za mama," binti alisema.

"Fomu hii ni ya vifaa, dada yangu. Ya nyimbo iko ofisi nyingine."

"Ofisi gani hiyo?"

"Haijafunguliwa."

Kwenye nafasi ya chanzo aliandika: Dobi. Kwenye nafasi ya hatua ya kuchukuliwa aliandika: Kumhamisha. Kisha akaomba maji ya kunywa, akapewa, akashukuru, akaenda.

Mwalimu alikuja Jumatano badala ya Alhamisi. Alikaa kitandani pale pale anapokaa siku zote, bila daftari.

"Dada, umesikia yanayonipata."

"Nimeyasikia. Yanakuja hapa."

"Watu wananitazama kama nimesahau kufunga zipu. Juzi mtoto wa shule kanipita barabarani, kanipigia makofi ya hewa. Hivi." Alimwonyesha. "Njoo bustanini, dada. Ukiwa pale, yatabaki pale."

"Nikae kama nani?"

"Kama dada yangu."

Dobi aligeuza shati, akaanza kola. Mashati ya kwaya ni kumi na mawili, na kola zake zinataka wanga mzito. "Zile sauti nne umezipanga wewe," alisema. "Hilo silikatai. Sikujua hata wimbo unaweza kugawanywa vile. Basi sauti zisomwe kwa jina lako, na nyimbo zisomwe kwa jina langu. Mara moja. Nisimame, nikae."

"Wewe uliimba tu, dada. Mimi ndiye niliyeandika."

"Ulikiandika na kimya. Kile kimya ni cha nini?"

Mwalimu alitazama mikono yake. Dobi alisimamisha pasi, akanyunyiza maji kwenye kola, mdogo wake akimtazama. Kisha Mwalimu akasema, "Nitamwambia mtangazaji," akabeba mashati yake yaliyonyooka na kushuka ngazi.

"Umemwamini?" binti aliuliza jioni, alipoambiwa.

"Ni mdogo wangu. Nilikuwa nikimfunga kamba za viatu."

"Ndiyo maana mpaka leo hajui kufunga."

Jumamosi ya tatu dobi alivaa gauni la kijivu na kitambaa cheupe cha kichwa chenye wanga, akakaa mstari wa mbele, kiti cha tatu. Kando yake alikaa mke wa mwenyekiti wa halmashauri. Wimbo wa kwanza ulipokwisha makofi yalikuja. Yalitoka kwenye mikono ya watu, yakakusanyika, yakamfuata dobi pale pale kitini, na kwa kuwa kiti cha jirani kiko karibu, yakamvua mke wa mwenyekiti kofia. Watu walifurahi kuyasikia. Ila yalipotoka upande ule, walianza kutazama upande ule. Kufikia wimbo wa tatu, nusu ya viti ilikuwa imegeukia dobi, na wengine waliulizana.

"Yule mama ni nani?"

"Si yule wa mashuka?"

"Ameimba nini?"

"Sijamsikia akiimba. Labda ndiye mwenye bustani."

Mwishoni mtangazaji alisoma majina. Dobi alikunja mikono mapajani. Alipofika kwenye nyimbo mtangazaji alisoma: Utunzi na uongozi, Mwalimu. Mwalimu alisimama, watu wakapiga makofi, makofi yakaenda kwa dobi. Mtangazaji akaendelea mpaka mzee wa bomba. Dobi alikaa mpaka watu wakaondoka, kwa sababu karatasi ya mtangazaji ilikuwa na upande wa pili, na alitaka kuwa na hakika kwamba upande ule haukuwa na maandishi. Haukuwa nayo.

"Orodha ilikuwa imeshapigwa chapa, dada," Mwalimu alimwambia langoni. "Jumamosi ijayo. Bila shaka."

Mke wa mwenyekiti aliandika barua kuhusu masikio yake. Msimamizi wa bustani aliisoma, akapima mstari wa mbele kwa hatua, akapima jukwaa, mwisho akafungua ule mlango mdogo wa ubavuni. Mule ndani mna nafasi ya mtu kusimama akiinama kidogo. Makofi yakimfuata mtu mule, alifikiri, yatasikika kama yanatoka kwenye jukwaa lenyewe. Aliamuru mafagio yatolewe na kiti kiwekwe.

"Nikae mikono mitupu?" dobi alisema alipoonyeshwa. "Na shuka za wageni je? Jumamosi ndiyo siku yao."

Hilo lilionekana ni haki. Jumamosi ya nne, saa kumi, fundi wa sauti na binti walibeba meza ya seremala kutoka chumbani, wakaipitisha mbele ya nyumba ya mikate, wakaiingiza chini ya jukwaa. Fundi alivuta waya wa mita hamsini kwa ajili ya pasi, na akafunga balbu.

"Mama," alisema akiwa amepiga magoti kwenye waya, "ukitaka naweza kukuwekea kipaza sauti hapa. Uimbe mwenyewe."

Dobi alifikiri. "Mdogo wangu amesema atanitaja," alisema. "Nikiimba nitakuwa nimemvunjia neno lake kabla hajalitimiza."

Fundi alitazama upande mwingine, akakaza skrubu iliyokuwa imeshakazwa.

Wageni wa mji mkuu walikaa mbele, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye daftari jekundu. Kwaya ilipanda. Dobi alisikia viatu ishirini na vinne juu ya kichwa chake, akatandaza shuka. Wimbo ulianza, na kwa kuwa ulikuwa wimbo wa kupigia pasi, mkono ulikwenda nao wenyewe. Meza iligonga. Mpiga ngoma aliyekuwa juu alisikia ile meza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuupiga wimbo ule, hakuchelewa. Baada ya mstari wa tatu kwaya ilinyamaza. Dobi akasimamisha pasi kwa kisigino chake, na katika kile kimya bustani nzima ikasikia mlio mdogo wa chuma, tk, na baada yake maji yakinyunyizwa.

Mwanamke wa daftari jekundu aliandika.

Makofi ya kwanza yalishuka chini ya jukwaa yote kwa pamoja, yakazunguka kwenye mbao, yakapanda juu. Watu wakayasikia yakitoka pale alipoinama Mwalimu, nao wakaridhika. Chini, vumbi la miaka kumi na mmoja lilianguka kutoka kwenye nyufa za mbao, likatua kwenye shuka. Dobi alisema asante, akakung'uta shuka, akanyunyiza maji upya. Ilikuwa hivyo mara sita. Shuka mbili ilibidi zirudi kufuliwa.

Mtu wa machungwa alipomaliza, mtangazaji akatoa karatasi. Dobi aliposikia karatasi alichomoa pasi, akavua aproni, akakaza kitambaa chake cheupe, akausukuma mlango mdogo ukawa wazi nusu. Alisimama akiwa ameinama kidogo, kwa kuwa mule ndani hakuna kusimama kwingine. Kutoka pale aliwaona watu kuanzia magotini kwenda chini, na katika majani aliviona viatu vya binti yake, vya kazini, vyeupe.

Mtangazaji alisoma: Utunzi na uongozi, Mwalimu. Makofi yakaja kwa dobi, akayapokea akiwa amesimama. Akasoma waimbaji. Akasoma mpiga ngoma, fundi wa sauti, wapanga viti, mzee wa bomba. Dobi aliendelea kusimama. Mtangazaji akageuza karatasi, maana safari hii upande wa pili ulikuwa na maandishi.

"Na vifaa," alisoma. "Viti mia mbili vya halmashauri. Waya wa mita hamsini. Balbu moja. Na meza ya chini ya jukwaa."

Watu walicheka, kwa kuwa meza haiwezi kusimama zaidi ya inavyosimama, wakaipigia makofi kwa moyo mweupe. Viatu vyeupe vya binti vilisogea, vikasimama. Hakuna aliyemwambia akae.

Makofi ya meza hayakuja kwa dobi. Aliyasubiri, akayasikia yakipita juu ya mbao, yakatoka bustanini, yakapita juu ya nyumba ya mikate yakielekea makaburini, upande alikolazwa seremala. Aliyafuata kwa sikio mpaka yalipotua. Yalikuwa mengi.

"Naye alistahili," dobi alisema.

Kisha akakunja shuka zilizokuwa safi.

Kwaya ilichaguliwa. Mwalimu alikuja Jumatatu kumwomba dada yake afuatane nao kwenye miji tisa. Dobi alimwuliza kuhusu orodha. Mwalimu alisema nafasi ilikuwa ndogo, na mtangazaji alikuwa ameahidi watu wengi, na kwamba meza ni kama dada mwenyewe tu, kila mtu anajua. Dobi alisema hawezi kusafiri, nyumba ya wageni imejaa. Hakupandisha sauti. Alimpa mashati kumi na mawili, akamfungia na kifurushi cha wanga, kwa sababu huko aendako hajui kama watampata mtu wa kola.

Katika ile miji watu walipiga makofi yasiyosikika, na kwenye karatasi za matangazo ilielezwa kuwa huo ni mtindo wa Mwalimu. Yalimfikia dobi chumbani siku ya pili yake, mchana, yamechoka kidogo kwa umbali. Mama Pacha hakugonga tena dari. Wanawe walikuwa wameyazoea, na siku ambayo kwaya ilipumzika hawakulala.

Kiangazi kilichofuata halmashauri ilipaka mlango mdogo rangi ya kijani na kuongeza feni. Kwenye daftari la vifaa vya bustani, ukurasa wa saba, paliandikwa: meza moja, pasi moja, dobi mmoja. Ule mlio wa chuma ndani ya kimya unajulikana sasa, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuusikia. Wakimwuliza Mwalimu aliupataje, hujibu kwamba ulimjia. Fundi wa sauti, akisikia hivyo, huenda kukagua waya.

Jumamosi, karatasi ya mtangazaji ikitolewa, dobi huvua aproni, hukaza kitambaa, husukuma mlango ukawa wazi nusu, akasimama. Husimama mpaka orodha imekwisha pande zote mbili. Kisha hukaa, akaisubiri pasi ipoe.